Kuibiwa sera: mageuzi gani uyapokee kutoka kwa chama usichokipigia kura

Kila baada ya uchaguzi mkuu Tanzania kuna lalamiko lisilokosa kwenye vijiwe vya kahawa: "Hawa jamaa wametuibia sera." Anayelalamika ni mtu wa upinzani, na anayelalamikiwa ni CCM. Anachosema ni kwamba hoja waliyoipigia kelele miaka nenda rudi, wakabezwa kuwa haitekelezeki, leo imo kwenye ilani ya chama tawala, imetengewa bajeti, na aliyeiasisi hatajwi popote.

Kuiba sera ndiko huko: chama chenye dola kuchukua hoja ya mpinzani wake na kuifanya yake. Mfano wa karibu ni elimu. Mwaka 2010 Dk. Willibrod Slaa alizunguka nchi akigombea urais kwa tiketi ya Chadema na kuahidi elimu bure, huku makada wa CCM wakihoji fedha zitatoka wapi. Januari 2016 Serikali ya John Magufuli ikaanza kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 Serikali ya Samia Suluhu Hassan ikaondoa na ada ya kidato cha tano na cha sita. Mzazi mwenye mtoto kwenye sekondari ya kata hana haja ya kujua wazo lilizaliwa ofisi gani. Kwa mwanachama wa upinzani, hata hivyo, swali lipo na linauma. Akishangilia, anaonekana anampigia debe mshindani wake. Akinuna, anaonekana hakuitaka hiyo elimu bure, aliitaka Ikulu tu.

Wizi huu haukuanzia kwetu. Mwaka 1845 bungeni London, Benjamin Disraeli alimkejeli Waziri Mkuu Robert Peel, mtu wa chama chake mwenyewe, kwamba aliwakuta wapinzani wa Whig wanaoga akaondoka na nguo zao. Peel alikuwa anaelekea kuikubali hoja yao ya biashara huria, na mwaka uliofuata akafuta sheria zilizolinda bei ya nafaka. Chama chake kikapasuka. Disraeli mwenyewe, ilipofika 1867, aliongoza kupitishwa kwa sheria ya kuwapa wanaume wengi zaidi haki ya kupiga kura, hoja ambayo wapinzani wake walikuwa wameihangaikia bila kufanikiwa. Safari hii hakutaja nguo za mtu.

Vinavyoibwa havina uzito sawa. Ada, barabara, mikopo ya vijana, bima ya afya: hizo ni sera za huduma, na chama tawala huzichukua bila kusita kwa sababu zinakiletea kura. Kundi la pili ni mageuzi ya kanuni za mchezo: nani anaunda tume ya uchaguzi, nani anaruhusiwa kugombea, matokeo yanapingwa wapi, polisi wana mamlaka gani juu ya mkutano wa siasa. Haya humpunguzia nguvu yuleyule anayeyatoa. Huja kwa nadra, na hapo ndipo mtu wa upinzani anapotakiwa kujua anapokea nini.

Mfano wetu mkubwa ni wa 1992. Mwaka mmoja kabla, Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwa ameunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni: nchi ibaki na chama kimoja au iingie vyama vingi? Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na CCM ikakubali. Katiba ikabadilishwa, na kuanzia Julai 1, 1992 vyama vingine vikaruhusiwa kisheria. Chama kilichokuwa peke yake uwanjani kikajiletea washindani, tena kikiwa na takwimu mkononi za kukataa kama kingetaka. Mwalimu Nyerere alikuwa amelizungumza jambo hilo tangu 1990, na uzito wa neno lake uliwatuliza wahafidhina. Wapinzani hupenda kulisahau hili: yapo mageuzi ambayo chama tawala pekee kinaweza kuyapitisha kwa utulivu, kwa kuwa wanaoyaogopa wamo ndani yake, nao humsikiliza mtu wao kabla ya mtu mwingine.

Tume hiyohiyo ya Nyalali ilitaja pia sheria 40 ilizoona ni kandamizi, ikataka zifutwe au zirekebishwe. Nyingi ziliachwa kama zilivyo. Ushindani uliruhusiwa, ila masharti ya ushindani yakabaki mikononi mwa mshindani mmoja.

Kwa kuelewa hatari iliyopo katika kupokea, Kenya ina kisa kikali zaidi. Mwaka 1997, baada ya maandamano ya kudai mabadiliko ya katiba kabla ya uchaguzi, na baada ya watu kuuawa, wabunge wa chama tawala cha KANU na wa upinzani walikaa pamoja katika kundi lililojulikana kama IPPG. Rais Daniel arap Moi akakubali mengi. Mamlaka ya machifu yalipunguzwa. Waandaaji wa mikutano wakatakiwa kutoa taarifa kwa polisi badala ya kuomba kibali. Upinzani nao ukapata kupendekeza makamishna 10 wa Tume ya Uchaguzi. Wapo wanaharakati waliowaona wabunge hao kama watu waliouza mapambano kwa bei ya kutupa.

Sasa angalia kilichofuata. Ya machifu na ya mikutano yaliandikwa kwenye sheria. La makamishna lilibaki makubaliano ya wanasiasa, bila kifungu cha kuyalinda. Miaka 10 baadaye Rais alikuwa Mwai Kibaki, mmoja wa viongozi wa upinzani ambao makubaliano yale yaliwanufaisha. Akateua makamishna wapya bila kushauriana na wapinzani wake, na hakuna sheria aliyoivunja. Uchaguzi wa Desemba 2007 ukafika upande mmoja hauiamini tume kabisa, na ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 1,100.

Kwangu mimi kipimo kinatoka hapo. Mageuzi yakiletwa na chama usichokipenda, usijisumbue sana na nia yake. Jiulize siku akili ikimgeuka aliyeyaleta, atalazimika kufanya nini ili ayaondoe. Ikiwa ni kutamka neno moja jukwaani, basi ulichopewa ni hisani. Ikiwa lazima apeleke muswada bungeni, umepata kitu chenye uzito kidogo. Na ikiwa hawezi bila kubadili Katiba au kwenda kwenye kura ya maoni, shangilia bila aibu, hata kama aliyekupa anakuudhi kila akifungua mdomo.

Tupime la Januari 3, 2023. Siku hiyo, mbele ya viongozi wa vyama waliokutana Ikulu Dar es Salaam, Rais Samia alitangaza kuondoa zuio la mikutano ya hadhara lililodumu tangu 2016. Januari 21 Chadema walikuwa jukwaani Mwanza. Siku nne baadaye Tundu Lissu alirejea kutoka Ubelgiji. Furaha ilikuwa ya kweli na ilistahili. Ila Sheria ya Vyama vya Siasa ilikuwa inaitambua mikutano hiyo miaka yote. Kauli ya Rais ndiyo iliyoizuia, na kauli ya Rais mwingine ndiyo iliyoirudisha. Kwa kipimo chetu hiyo ni hisani. Aprili 2025 Lissu alikamatwa baada ya mkutano wa hadhara Mbinga, akashtakiwa kwa uhaini. Siku chache baadaye ikatangazwa kuwa Chadema haitashiriki uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Uchaguzi wa Oktoba 29 ukafanyika bila chama hicho, intaneti ikazimwa na watu wakapoteza maisha.

Je, waliopokea ile ruhusa ya 2023 walikosea? Sioni hivyo. Miaka miwili ya kukutana na wananchi ana kwa ana haikuwa kidogo kwa chama kilichokuwa kimefungiwa kwenye mikutano ya ndani. Walichohitaji ni kuidai sheria tangu wiki ileile, wakati shangwe bado ni mbichi na Serikali bado inasifiwa duniani.

Marekebisho ya sheria za uchaguzi ya 2024 yana sura mbili. Tume ilipewa jina la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, lakini mwenyekiti wake anaendelea kuteuliwa na Rais, ambaye mara nyingi naye ni mgombea. Hapo kilichobadilika zaidi ni kibao cha mlangoni. Ndani ya sheria hizo hizo, hata hivyo, kuna jambo wapinzani walilolililia sana baada ya 2020, pale wagombea wao walipoenguliwa kwa wingi na wa CCM wakapita bila kupingwa: mgombea aliyebaki peke yake sasa anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Kuenguliwa hakujakoma, lakini jambo hilo limeandikwa, na kulifuta kunahitaji Bunge.

Kuna jambo gumu zaidi, nalo ni la kupokea nusu. Rais Jakaya Kikwete alipotangaza mchakato wa Katiba mpya Desemba 31, 2010, hoja hiyo haikuwamo kwenye ilani ya CCM. Ilikuwa ya wapinzani, na mwezi mmoja tu nyuma wabunge wa Chadema walikuwa wametoka bungeni Rais alipokuwa akihutubia. Huo ulikuwa wizi wa sera wa kiwango cha juu. Tume ya Jaji Joseph Warioba ikaleta rasimu yenye muundo wa serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar), Bunge Maalumu likaanza Februari 2014, na CCM waliokuwa wengi humo wakaurudisha muundo wa serikali mbili. Aprili 16 UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani humo bungeni, wakatoka na hawakurudi. Waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haijafanyika mpaka leo.

Ninaelewa kwa nini walitoka. Rasimu iliyotokana na maoni ya wananchi ilikuwa inafumuliwa mbele ya macho yao. Lakini ndani ya ile Katiba Inayopendekezwa waliyoisusia mlikuwamo mgombea binafsi, na mlikuwamo ruhusa ya kupinga matokeo ya urais mahakamani. Mambo mawili waliyoyadai tangu mwanasiasa wa upinzani Mchungaji Christopher Mtikila alipoanza kupanda ngazi za mahakama miaka ya 1990 yalikuwa yameandikwa kwenye waraka wa CCM, kwa mkono wa CCM. Yakafa pamoja na mengine. Kama ningekuwa mshauri wao ningewaambia wapige kelele kuhusu serikali tatu na papo hapo wayashike haya mawili kwa mikono miwili, wakidai yaingizwe kwenye Katiba ya 1977 kama marekebisho ya kawaida. Hilo linawezekana hata bila Katiba mpya.

Wapo watakaosema ushauri wa namna hii ndio unaoishia kwenye "kuunga mkono juhudi". Neno hilo lina historia mbaya. Kuanzia 2017 wabunge na madiwani wa upinzani walianza kuhama wakisema wameridhishwa na kazi ya Rais Magufuli. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, na mtu yuleyule akarudi kugombea jimbo lilelile kwa tiketi ya CCM, kama ilivyokuwa Kinondoni na Siha Februari 2018. Walichobadili ni kadi, na hakuna kanuni ya mchezo iliyopatikana kwa kuhama kwao. Kupokea mageuzi ni kinyume chake: unabaki upande wako na mdomo wako, unaitaja hatua nzuri kwa jina lake, unamkumbusha mtoaji ni nani aliyeidai kwanza, kisha unaanza kudai inayofuata. Unayemshukuru asubuhi unaweza kumshtaki mchana.

Faida ya mageuzi yaliyofungwa kisheria huenda hata kwa walioyapinga. William Ruto aliongoza kampeni ya "La" dhidi ya Katiba ya Kenya katika kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, akashindwa. Mwaka 2021 na 2022 mahakama zilizopata nguvu chini ya Katiba hiyo zikauzima mpango wa kubadili Katiba ulioitwa BBI, uliobebwa na Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, mpango ambao Ruto hakuutaka. Septemba 2022 Mahakama ya Juu ikathibitisha ushindi wake wa urais. Mwaka 2017 ilikuwa ni Raila aliyeifurahia mahakama hiyohiyo, ilipofuta ushindi wa Uhuru.

Tanzania Bara na Zanzibar, uamuzi kama huo wa 2017 usingewezekana. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema mgombea akishatangazwa na Tume kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Kati ya mageuzi yote ambayo mpinzani angeweza kuyapokea kutoka CCM kesho asubuhi, sijui lililo fupi kuliko kuifuta ibara hiyo ndogo. Inahitaji theluthi mbili ya kura za wabunge, na idadi hiyo CCM inayo bila kumwomba mtu.