Harusi ya Maseno: pale mpaka wa kaunti unapogusa mahari

Kaunti za Kisumu na Vihiga zinagombania mpaka wa Maseno, kwa hiyo ukiandaa harusi kati ya Maseno na Luanda, swali la kama mahali hapo ni Kisumu au Vihiga litakufikia kabla ya hema. Nasimamia harusi za huku, na jambo la kwanza ninalowaomba wazazi ni watenganishe ndoa na shughuli za siku ile. Ndoa husajiliwa na serikali kuu. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, wanaofunga ndoa ya kiserikali humpa msajili notisi ya maandishi angalau siku 21 kabla. Wa kimila humwarifu ndani ya miezi 3 baada ya kukamilisha desturi, kisha huomba cheti ndani ya miezi 6, na wote wawili hufika wenyewe. Mzozo wa mpaka hauwezi kuizuia ndoa hiyo.

Kinachoweza kuzuiwa na mzozo huo ni ng'ombe. Udhibiti wa magonjwa ya mifugo ni kazi ya kaunti, kwa hiyo Wanyore wa upande wa Vihiga wakipeleka mahari kwa Wajaluo wa upande wa Kisumu, ng'ombe wanatoka kaunti moja kuingia nyingine hata kama nyumba zinaonana. Ombeni barua ya kutopinga kwa daktari wa mifugo wa kule wanakokwenda, ndipo wa kwenu atoe kibali cha kusafirisha. Kibali hutaja idadi, jinsia na rangi ya kila ng'ombe, na hapo ndipo watu hukwama: mzee anabadilisha ng'ombe usiku wa mwisho, karatasi inasema mwekundu, na kwenye lori amesimama mweusi mwenye paji jeupe. Polisi wa kwenye kizuizi cha barabara ya Kisumu–Busia ana haki ya kuwasimamisha. Boma likiwa kwenye eneo linalogombaniwa, ni afadhali zaidi kununua ng'ombe upande wa wakwe, ndani ya kaunti yao, wasivuke kabisa.

Karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ikitangazwa, msiahirishe harusi. Ile Sheria ya Ndoa inasema sehemu ndogo tu ya mahari inatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Toeni ayie, yaani malipo ya ridhaa anayopewa mama wa bibi harusi kwa desturi ya Wajaluo, kwa pesa taslimu siku ile, mkubaliane kwa maandishi mbele ya wazee wa pande zote kwamba ng'ombe watafuata.

Kibali cha muziki pia ni cha kaunti. Kiombeni kwa ile ambayo maafisa wake ndio hukusanya ada mahali penyewe, na mwenyekiti wa kamati atembee na kibali na risiti mfukoni. Akija afisa wa upande wa pili, aonyeshwe karatasi. Asipewe pesa bila risiti. Kanuni za kelele za 2009 zinaruhusu desibeli 50 mchana kwenye makazi, na 35 kuanzia saa 2 usiku, kwa hiyo spika kubwa zizimwe mapema.

Kwenye kadi, andikeni kanisa, soko la karibu na barabara, msitaje kaunti; wazee husoma jina hilo kama familia imeegemea upande. Wanasiasa ni hatari zaidi. Mpaka wa kaunti hubadilishwa kwa njia ya Kifungu cha 188 cha Katiba pekee: tume huru ipendekeze, kisha theluthi mbili ya Bunge la Taifa na theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti zote katika Seneti (kila kaunti kura moja) waidhinishe. Hotuba ya arusini haibadilishi chochote ila hasira za wageni. Mshereheshaji awape dakika 2 kila mmoja, baada ya chakula, na maikrofoni ibaki mkononi mwake.