Kaburi la Luteni Alun Lewis na namna ya kusoma kumbukumbu yake

Alun Lewis alizaliwa tarehe 1 Julai 1915 Cwmaman, kijiji cha wachimba makaa ya mawe kusini mwa Wales. Alikuwa mwalimu na mshairi asiyependa vita, lakini mwaka 1940 alijiunga na jeshi. Alifariki Burma (sasa Myanmar) tarehe 5 Machi 1944 akiwa na miaka 28, luteni wa batalioni ya 6 ya South Wales Borderers.

Amezikwa Taukkyan, kaskazini mwa Yangon, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kuandika kwamba alifia Yangon. Kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola hutaja mtu alikozikwa, si alikofia. Lewis alifia karibu na Goppe, Arakan (pwani ya magharibi ya Burma), mamia ya kilomita kutoka hapo. Makaburi ya Taukkyan yalianzishwa 1951 kupokea mabaki kutoka Akyab, Mandalay, Meiktila na Sahmaw, ambako makaburi yalikuwa hayafikiki kwa urahisi wala hayatunziki. Kwa hiyo shika kwanza kikosi na tarehe, kisha tafuta shajara ya vita ya batalioni, yaani daftari lake la matukio ya kila siku. Za Burma ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, katika fungu WO 172.

Kumbukumbu hiyo pia haisemi alikufaje, na tafadhali usijaze pengo kwa kuandika "aliuawa na adui". Lewis alikutwa na jeraha la risasi kichwani, bastola yake mkononi, muda mfupi baada ya kunyoa ndevu na kunawa. Alikata roho saa chache baadaye. Uchunguzi wa jeshi uliamua ni ajali. Wengi waliochambua maisha yake wanaamini alijiua. Kumheshimu, kwa maoni yangu, ni kuyaandika yote mawili bila kuficha.

Palepale Taukkyan kuna mnara wenye majina karibu 27,000 ya wasiojulikana walipolala, wakiwemo askari wetu wa Keya (King's African Rifles, KAR), wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana bonde la Kabaw mwaka 1944. Ukimtafuta babu yako humo, usitegemee jina pekee. Makarani waliandika walivyosikia: r ikawa l, jina la baba likaachwa. Anza na batalioni ya Keya na mwaka, halafu pitia orodha nzima ukiyasoma majina kwa sauti.