Mimba ya nje ya kizazi: maswali tunayoulizwa mtu akiwa ameshachelewa

Mimba ya nje ndio nini?
Yai likisharutubishwa linatakiwa lishuke mpaka kwenye kizazi, sasa likikwama njiani likatunga hukohuko ndio mimba ya nje hiyo. Zaidi ya asilimia 90 zinakaa kwenye mrija wa uzazi. Mrija hautanuki kama kizazi, kwa hiyo mara nyingi kuanzia wiki ya 6 mpaka ya 8 hivi unaanza kuuma, na ukipasuka damu inamwagikia tumboni.

Inatokea sana?
Kwenye mimba 100 ni kama 1 au 2. Wanaoipata zaidi ni waliougua kisonono au klamidia ikaharibu mirija, waliofanyiwa operesheni ya mirija, wavuta sigara, na aliyewahi kuipata kabla. Una kitanzi au umefunga kizazi na bado UPT (kipimo cha mimba cha mkojo) imesoma mimba? Njoo siku hiyohiyo. Ila wengi wanaoipata hawana ata kimoja kati ya hivo, kwahiyo usijitoe.

Period imechelewa, tumbo la chini linauma upande mmoja, si chango tu hilo?
Hapana. Mkichelewa hapa ndio mnatuletea mtu mweupe kama karatasi, presha haisomeki, ukiuliza unaambiwa ameanza kuumwa wiki iliyopita ila bibi alimchemshia mizizi ya chango, alafu duka la dawa wakamwambia ni UTI wakampa antibaiotiki na za maumivu, na hakuna ata mmoja aliyemuuliza period yake ya mwisho ilikuwa lini! Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo apimwe mimba kwanza, hayo ya UTI baadae.

Lakini nimetoka damu kidogo, si ina maana mimba imetoka yenyewe?
Hapana, tena hapana. Ya mrija nayo inatoa damu, mara nyingi kidogo tu na nyeusinyeusi, watu wanafikiri ni period ya kuchelewa. Na waliomeza vidonge vya kutoa mimba kwa siri, sikilizeni: vile haviitoi ya kwenye mrija. Damu itatoka ukeni, utajua umemaliza, kumbe yenyewe ipo na inaendelea kukua. Ukija tuambie ukweli, hatuna muda wa kukusema.

UPT ina mistari miwili, si niko salama?
UPT inakuambia una mimba, haikuambii iko wapi.

Sasa mnaijuaje?
Altrasaundi, na ile ya kupitia ukeni inaona mapema kuliko ya juu ya tumbo. Ikiwa bado haionekani popote tunapima homoni ya mimba kwenye damu, tunarudia baada ya saa 48, maana mimba changa ya kawaida inapanda haraka na hii mara nyingi inasuasua. Ukiambiwa "haijaonekana, rudi keshokutwa" hujaambiwa uko sawa, rudi kweli. Ila kizunguzungu, kuzimia, maumivu ya ghafla, bega kuuma bila kuumia (damu tumboni inafanya hivo), au kusikia haja kubwa isiyotoka, hayo hayasubiri kesho asubuhi wala mume arudi safari. Usiku huohuo, bodaboda, chochote.

Haiwezi kuhamishiwa kwenye kizazi?
Haiwezi. Ikiwahiwa ikiwa ndogo na haijapasuka kuna sindano ya methotrexate (dawa ya kuizuia isiendelee kukua), na utarudi kupimwa mpaka homoni iishe. Ikipasuka ni thieta na kuongezewa damu, kwahiyo ndugu wajiandae kuchangia.

Nitazaa tena?
Wengi wanazaa, ata wakibaki na mrija mmoja. Ila kama 1 kati ya 10 inamrudia, kwahiyo safari ijayo ukikosa period tu usingojee mpaka uanze kliniki, njoo altrasaundi wiki ya 6.