Mfuko wa kumi hutupwa bure

Kila ninapokaa na madiwani kuzungumzia bajeti ya taka, mjadala huishia dampo: limejaa, tutafute ardhi nyingine. Mimi huomba kwanza kuona bili ya mafuta ya malori. Hela ya taka huliwa barabarani. Benki ya Dunia iliandika mwaka 2018 kwamba katika nchi maskini taka humeza karibu asilimia 20 ya bajeti ya mji, na sehemu kubwa huishia kwenye kuzoa na kusafirisha.

Tena kinachosafirishwa ni maji. Zaidi ya nusu ya taka za nchi hizo ni maganda na mabaki ya chakula, mazito kwa maji tangu yatokapo jikoni. Lori la kushindilia linafaa pale pipa linapojaa maboksi na makopo matupu. Kwenye maganda mabichi halipati cha kushindilia. Nimeona malori ya namna hiyo, ya gharama kubwa, ambayo hayakushindilia kitu ila bajeti. Maganda yakigeuzwa mboji mtaani, safari zinapungua, hata kama mboji yenyewe haiuziki kwa bei ya maana.

Sasa ada. Kaya hulipa kiasi kilekile kwa mwezi, itoe mfuko mmoja au kumi. Kwa hiyo mfuko wa kumi hutupwa bure, ingawa mji unaugharamia kama ule wa kwanza. Mwaka 1995 Korea Kusini iliziba mwanya huu kwa kuwataka watu wanunue mifuko maalumu ya taka, gharama ya kuzoa ikiwa ndani ya bei ya mfuko, huku vinavyorejelezeka vikichukuliwa bila malipo.

Wanauchumi huipenda sana dawa hii. Mimi naipenda nusu. Mji wa Charlottesville, Marekani, ulipoanza kutoza kwa mfuko mwaka 1992, wanauchumi Don Fullerton na Thomas Kinnaman walipima taka za kaya kabla na baada. Ujazo ulishuka kwa asilimia 37, uzito kwa asilimia 14 tu. Watu walikuwa wakishindilia mifuko yao, kazi ambayo lori lingeifanya lenyewe! Na huenda zaidi ya robo ya upungufu huo ilitupwa kinyemela kwingineko.

Kama mitaro haina mlinzi, basi, usitoze mtu anapotupa. Toza anaponunua, kisha umrudishie. Ujerumani hufanya hivyo tangu 2003: amana ya senti 25 za euro kwa chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji, na karibu zote hurudi. Aliyeitupa chupa amepoteza hela yake, aliyeiokota ameipata.

Hapo ndipo waokotaji wanapoingia kwenye hesabu, ingawa wahasibu hawawaoni. Kila kilo wanayoiondoa, mji hauisafirishi wala hauifukii, lakini malipo yao hutoka kwa mnunuzi wa chakavu peke yake, na bei ya plastiki ikianguka wanaacha kuokota. Nikipendekeza mji uwaongezee kitu kwa kila kilo, mweka hazina huniuliza swali la haki: tani ambayo haikufika kwenye mizani ya dampo nitailipia kwa risiti gani? Jibu langu ni kuweka mizani kwa mnunuzi wa chakavu.