Wahudumu wako si wavivu, hesabu ndiyo imekataa

Wiki hii meneja mwingine kaniambia yale yale: "Mfumo wa kompyuta wa kuandikia shida za wateja tumeshawawekea, ila hawa vijana hawapendi teknolojia." Ndugu meneja, vijana hao hao wanauza mitumba WhatsApp wakiwa wamesimama kwenye daladala. Teknolojia wanaiweza. Kinachowashinda nitakieleza kwa hesabu, maana kwa maneno nimechoka.

Chukua kitengo cha simu chenye wahudumu 12. Kwa saa zinaingia simu 100, na kila moja inakula dakika 6 mpaka tiketi, yaani kumbukumbu ya shida ya mteja kwenye mfumo, ifungwe. Hiyo ni kazi ya dakika 600, na wahudumu kwa pamoja wana dakika 720. Wamebanwa kwa asilimia 83, lakini maji ya kunywa wanapata. Sasa makao makuu yanataka "data zaidi": mkoa, chanzo, aina ya tatizo, aina ndogo ya tatizo, hisia za mteja. Visanduku vitano tu, vyote vya lazima, dakika moja ya ziada. Kazi imekuwa dakika 700 kati ya zile zile 720. Asilimia 97.

Utasema bado zinabaki 20. Hazisaidii, kwa sababu simu haziji moja moja kama watoto wa shule mstarini. Zinakuja kwa mafungu. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha fomula ya foleni hizi mwaka 1917, na mpaka leo ndiyo tunayopangia zamu. Ukiitumia hapa, wastani wa mteja kusubiri unaruka kutoka dakika moja na ushee hadi dakika 18 na zaidi. Hapo tumechukulia kwamba hakuna anayekata. Wanakata, bila shaka, halafu wanapiga tena wakiwa wamefura, na anayepokea matusi si aliyebuni visanduku.

Mafunzo, viti vya maana, intaneti isiyokatika: ndiyo, vyote vinatakiwa. Tuendelee.

Kinachoniudhi zaidi ni dashibodi, ile skrini ya ukutani yenye majina ya watu na wastani wa muda wa simu. Mteja katuma pesa namba siyo. Mhudumu anatakiwa achukue namba ya muamala, aithibitishe, awapigie watu wa fedha, arudi kwa mteja. Dakika ya nne saa inageuka njano, ya sita nyekundu. Afanyeje? Anasema "tunalishughulikia", anachagua "Mengineyo", anafunga. Kesho mteja anapiga tena, inafunguliwa tiketi mpya, na ripoti ya mwezi inaonyesha tiketi mbili zilizofungwa ndani ya muda. Ufanisi umepanda, hongereni! Habari za kweli ziko kwenye kaunta buku kando ya kibodi: nani apigiwe saa nane, nani kaahidiwa nini. Meneja akiliona hilo daftari anasema ni ushamba.

Mwaka 1979 Robert Karasek, mtafiti wa msongo wa kazini, alieleza kwamba msongo mbaya kazini unatokana na mzigo mkubwa unapokutana na uhuru mdogo wa kuamua. Mifumo yetu inaongeza mzigo na kupunguza uhuru kwa wakati mmoja: inapanga useme nini, kwa mfuatano upi, uende msalani lini. Programu ile ile, ukimruhusu mhudumu aruke kisanduku au apange mwenyewe muda wa kumrudia mteja, inakuwa kitu kingine kabisa.

Ila nisijifanye najua yote. Sina njia safi ya kutenganisha msongo unaoletwa na mfumo na ule wa kutukanwa tangu asubuhi. Na wapo wahudumu wanaoipenda dashibodi. Kabla yake, tathmini ilitegemea nani anachekeana na bosi. Dada mmoja aliyesingiziwa kwamba hapokei simu alifungua rekodi zake mbele ya kikao, mjadala ukaishia hapo. Kwa hiyo siwezi kukwambia uing'oe, ingawa kuna siku mkono unaniwasha.

Nikiitwa ofisini kwako, nitakwenda na swali moja: nani aliwahi kusoma zile "hisia za mteja", na alibadilisha nini baada ya kuzisoma? Mkitazamana, nakizima hicho kisanduku kabla ya chai ya saa nne.