Ziwa Kivu haliwaki moto, jamani

Kila volkano ya Nyiragongo inapozidisha moshi, simu yangu hailali: "Mzee, lava ikigusa maji, ziwa litawaka?" Ilishagusa. Tarehe 17 Januari 2002 ilipasua mji wa Goma, Kongo, katikati ikaingia ziwani, maji yakachemka pale ufukweni, gesi ya ziwani (hewa ya ukaa, pamoja na methani, ile inayowaka) ikabaki ilipo. Nyingi iko chini ya mita 260, na lava haikufika huko. Basi.

Tena kinachoua si moto. Ziwa Nyos, Kameruni, mwaka 1986, watu kama 1,700 walikufa kwa kukosa pumzi: hewa ya ukaa ilitoka ziwani usiku, ikatambaa mabondeni. Na mbuzi aliyefia shimoni kule Bulengo hakuuawa na ziwa. Hayo ni mazuku, yaani hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutuama mashimoni.

Kinachonichosha hasa ni hili la "gesi inasukuma, inatafuta pa kutokea". Haisukumi, imeyeyuka. Tukivuta maji ya mita 350, yanafika juu yakitoa povu, yananuka mayai viza, na yana uvuguvugu kuliko ya mita 100. Mbona basi hayapandi? Kwa sababu yana chumvi nyingi, na hewa ya ukaa ikishayeyuka huyaongezea uzito. Methani ndiyo huyapunguzia kidogo. Yaani ile hewa ya ukaa mnayoiogopa ni mojawapo ya vitu vinavyoyalaza maji chini! Na gesi haijajaa: hata pale ilipokolea zaidi, ni kama nusu tu ya ambayo maji ya kina kile yangeweza kubeba. Ili povu lianze, lazima kitu kiyanyanyue zaidi ya mita 100. Upepo wa kiangazi hukoroga mita 60 hivi za juu, unaishia hapo.

Magma (mwamba ulioyeyuka) ikitoboa chini ya ziwa lenyewe? Hapo sicheki. Watu wa Goma waliofungasha kwenda Sake Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, hawakuwa wajinga.

Mimi kinachoninyima usingizi ni mitambo inayovuta maji ya chini na kuyakamua methani, kama ule wa umeme uliozinduliwa upande wa Rwanda mwaka 2016. Kupunguza gesi ni vizuri, sibishi. Lakini maji yaliyokamuliwa gesi yarudishwe kina gani? Ukiyamwaga juu mno, yanalegeza tabaka linalozuia gesi na kupeleka virutubisho kwa mwani, kisha mwani huo ukioza unamaliza oksijeni ambayo sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaitegemea. Ukiyashusha mno, yanazimua methani ile ile mliyoifuata. Kwenye karatasi jibu linaonekana safi. Sisi tunaopima bado tunabishana, na mimi mwenyewe nimeshabadili upande.