Sola, tokeni na paa la mabati: dhana potofu kuhusu nishati ya nyumbani nchini Kenya

Mazungumzo kuhusu nishati mbadala hapa kwetu huanza karibu kila mara kwa malalamiko mawili: kwamba tokeni za umeme wa kulipia kabla haziishi kununuliwa, na kwamba serikali za ng'ambo huwasaidia raia wao kuweka sola ilhali yetu haitoi hata ndururu. Lalamiko la kwanza silibishi. La pili ni kweli nusu, na ile nusu isiyo kweli ndiyo inayowatia watu hasara, kwa sababu anayekaa akisubiri hundi kutoka serikalini hazioni nafuu ambazo tayari zimo katika bei ya paneli, katika viwango vya umeme anavyolipa, na hata katika paa la nyumba yake. Maswali haya nimeyajibu mara nyingi kwa jamaa na majirani hapa Mombasa, na naona heri niyaandike mahali pamoja.

"Hakuna nafuu yoyote ya serikali kwa anayeweka sola"

Nafuu ipo, ila haimfikii mtu mkononi. Vifaa maalumu vya umeme wa jua, yaani paneli, vidhibiti chaji, inveta (kigeuzi cha umeme wa paneli au betri kuwa umeme wa kawaida wa nyumbani) na betri zilizotengenezwa kwa ajili ya sola, vimekuwa vikiingia na kutoka katika orodha ya bidhaa zisizotozwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliviondolea msamaha, msamaha ukarudishwa mwaka 2014, Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 ikauondoa tena, na ile ya mwaka 2021 ikaurudisha. Gesi ya mtungi nayo ilipita njia hiyohiyo: ilitozwa asilimia 16 kuanzia Julai 2021, ikashushwa hadi asilimia 8 Julai 2022, kisha kuanzia Julai 2023 ikatozwa sifuri. Asilimia 16 si kitu kidogo. Kwa mtambo wa sola wa shilingi 100,000 ni shilingi 16,000, fedha ambazo zingetosha kununua nyaya na kumlipa fundi.

Kinachonisikitisha ni kwamba nafuu ya namna hii humfikia muuzaji kwanza, na mnunuzi huipata tu iwapo muuzaji ataipitisha. Kwa hiyo ni haki yako kuomba risiti inayoonyesha kila kifaa na bei yake, na kuuliza ni kipi kimetozwa VAT na kwa nini. Pia ni vyema kufuatilia Sheria ya Fedha inaposomwa kila katikati ya mwaka, kwa kuwa historia niliyoieleza yaonyesha kwamba kilichotolewa mwaka huu chaweza kuondolewa mwaka ujao.

Vivyo hivyo kwa mradi wa serikali wa sola kwa maeneo yaliyo mbali na gridi, K-OSAP, uliobuniwa kwa ajili ya kaunti 14 zilizosahaulika kwa muda mrefu katika usambazaji wa umeme, zikiwemo Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Sehemu ya fedha zake ilipangwa kwenda kwa kampuni zinazouza sola na majiko bora, kwa masharti kwamba zifikishe bidhaa vijijini ambako biashara isingelipa. Mwanakijiji hakupewa fedha. Aliletewa duka karibu.

"Ukinunua tokeni mapema mwezi unapata uniti nyingi zaidi"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayoficha nafuu kubwa kuliko zote. Watu hupanga foleni ya simu tarehe moja wakiamini kwamba umeme wa mwanzo wa mwezi una bei yake. Kinachoamua bei yako si tarehe, bali ni wastani wa matumizi yako kwa miezi mitatu iliyopita. Kuanzia Aprili 2023 wateja wa nyumbani waligawanywa katika makundi matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi (uniti moja ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja), wanaozidi 30 lakini hawavuki 100, na wanaovuka 100. Viwango hivyo vilipoanza, kundi la kwanza lilitozwa shilingi 12.22 kwa uniti, la pili shilingi 16.30, na la tatu shilingi 20.97, kabla ya kuongezwa gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, ushuru na kodi. Viwango hurekebishwa mara kwa mara, lakini muundo ni huo.

Jambo la kushika hapa ni kwamba bei ya kundi lako hutumika kwa uniti zako zote, si kwa zile zilizozidi tu. Tuchukue viwango hivyo vya Aprili 2023. Nyumba inayotumia uniti 105 ililipa, kwa bei ya msingi pekee, takriban shilingi 2,202. Nyumba ya pili yake, yenye wastani wa uniti 98, ililipa takriban shilingi 1,597. Tofauti ya matumizi ni uniti saba. Tofauti ya bei ni zaidi ya shilingi 600 kila mwezi, na kodi haijaongezwa. Hakuna mkopo wala ruzuku ninayoijua inayomlipa mtu vizuri namna hiyo kwa kuzima taa na kubadilisha balbu.

Basi uniti saba zitoke wapi? Wengi hukimbilia kuzima runinga. Mimi huwaambia waangalie kwanza bafuni. Ile shawa ya umeme inayochemsha maji papo hapo, ambayo imejaa nyumba za Nairobi, Kiambu na Nakuru kwa sababu ya baridi, hula kilowati tano hivi. Dakika kumi za kuoga ni karibu uniti 0.83. Familia ya watu wanne, kila mmoja akioga dakika kumi kwa siku, humaliza uniti 100 kwa mwezi kwa maji ya moto peke yake, yaani bafu tu limekwisha kuifikisha nyumba kwenye mpaka wa kundi la juu kabla friji haijahesabiwa. Hapo ndipo mtambo wa kuchemsha maji kwa jua, ambao watu wengi huuona kuwa anasa, huanza kuleta maana kuliko hata paneli za umeme.

"Kupika kwa umeme ni mambo ya matajiri"

"Mwanangu, stima ya kupikia ni ya wenye nazo," aliniambia jirani yangu, mama mtu mzima ambaye amepikia makaa maisha yake yote. Sikumjibu kwa maneno. Nilichukua presha kuka ya umeme ya nyumbani kwangu, yenye nguvu ya wati 1,000, nikaipeleka jikoni kwake, tukaweka nusu kilo ya mbaazi zilizolowekwa usiku. Tulisoma mita kabla na baada. Kifaa kilifanya kazi mfululizo kwa takriban dakika kumi na nane hadi presha ikapanda, kisha kikawa kinajizima na kujiwasha kwa muda mfupi mfupi. Mbaazi zilipoiva, tayari kutiwa tui, mita ilikuwa imepungua uniti 0.4.

Hata uniti ikimgharimu mtu shilingi 30 pamoja na makato yote, mbaazi hizo ziliiva kwa shilingi 12. Mkebe wa makaa haupatikani kwa bei hiyo hapa mjini. Sababu yake ni nyepesi: chombo kimezibwa, kimezungushiwa kizuia joto, na presha huivisha chakula kigumu kwa muda mfupi, ilhali joto jingi la jiko la makaa hupotelea hewani na kwenye kuta za jiko lenyewe.

Dhana ya mama yule haikuzuka hewani, hata hivyo. Jiko la umeme la koili, la aina ya zamani, hutumia kilowati moja hadi mbili kwa muda wote linapowaka, na ukilipikia maharagwe kwa saa mbili utalia. Vilevile presha kuka haifai kwa chapati wala mahamri. Ninachoshauri ni kugawanya kazi: vyakula vigumu kama mbaazi, maharagwe, githeri na nyama vipikwe kwa presha, na vya kukaanga vipikwe kwa gesi. Na kwa wenye ng'ombe wawili au zaidi wanaofungiwa zizini, samadi yao yatosha kuendesha mtambo wa bayogesi wa kupikia familia, na tope linalotoka humo ni mbolea. Kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hilo ni bora kuliko yote niliyotaja, mradi maji yawepo karibu.

"Pwani kuna joto, kwa hiyo sola hufanya kazi vizuri zaidi"

Paneli huhitaji mwanga, si joto. Kila nyuzi moja ya Selsiasi inapozidi 25 juu ya paneli, nguvu yake hupungua kwa takriban asilimia 0.3 hadi 0.4, na paneli iliyolala juu ya mabati mchana wa Februari huwa na joto kali sana. Ndiyo maana fundi mzuri huacha nafasi ya hewa kati ya paneli na paa. Wakati wa masika paneli huendelea kuzalisha, ila kidogo, na hesabu ya mtambo inapaswa kufanywa kwa miezi hiyo, si kwa Januari. Pwani pia ina chumvi hewani: vishikizo na skrubu za chuma cha kawaida hushika kutu mapema.

Kinachokufa kwanza ni betri, na hapa nina kovu langu mwenyewe. Mtambo wangu wa kwanza niliuziwa pamoja na betri ya gari, nikahakikishiwa kwamba "betri ni betri." Ilidumu miezi tisa. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili kuwasha injini, kisha kujazwa mara moja. Ukiimaliza kila usiku, unaiua. Hata betri ya asidi iliyotengenezwa kwa sola haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, kwa hiyo ile iliyoandikwa volti 12 na Ah 100 (ampea-saa 100), ambayo kwa hesabu ya kuzidisha hizo mbili ina uniti 1.2, yakupa uniti 0.6 tu kwa usiku. Betri ya lithiamu ni ghali zaidi dukani, lakini huruhusu kutumia sehemu kubwa ya chaji yake na huishi miaka mingi zaidi.

Kwa wanaolipa kidogo kidogo kila siku kwa simu, ombi langu ni moja: zidisha kabla ya kutia sahihi. Amana ya shilingi 3,000 na shilingi 50 kwa siku kwa siku 500 ni shilingi 28,000. Uliza kifaa hichohicho ni bei gani kwa fedha taslimu, kisha ulinganishe na mkopo wa sako yako.

"Nitaweka paneli nyingi nikauzie gridi, na umeme ukikatika sitajua"

Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ilifungua mlango wa kubadilishana umeme na gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, na kanuni zake zilitoka mwaka 2024. Lakini kinachotolewa ni uniti, si fedha, na unahesabiwa nusu ya ulichotuma: ukipeleka uniti 100, unarudishiwa 50. Kwa hiyo mtambo mkubwa uliowekwa kwa tamaa ya kuuza ni hesabu mbaya. Mtambo unaolingana na matumizi yako ya mchana ndio unaojilipa. Na inveta ya kawaida inayotegemea gridi hujizima gridi inapokatika, ili isipeleke umeme kwenye nyaya ambazo mafundi wanazitengeneza. Anayetaka taa wakati wa giza lazima awe na betri na inveta inayoweza kujitenga na gridi.

"Nyumba inayookoa nishati ni nyumba ya vifaa vya kisasa"

Vifaa vina nafasi yake. Friji hufanya kazi usiku na mchana, na lebo ya nyota iliyoletwa na kanuni za mwaka 2016 ni jambo jema ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii: kati ya friji mbili za ukubwa mmoja, yenye nyota nyingi hula umeme kidogo. Lakini katika mwambao huu umeme mwingi hutumika kupambana na joto ambalo sisi wenyewe tumelijengea nyumba.

Mji wa kale wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, ulijengwa bila uniti hata moja. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Njia ni nyembamba ili nyumba zitiliane kivuli. Dari ziko juu, na ua wa ndani huruhusu hewa moto kupanda na kutoka. Leo tunajenga kwa matofali membamba, tunaezeka mabati bila dari, tunaweka madirisha upande mmoja tu, kisha tunanunua kiyoyozi. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja hula takriban wati 1,000, wakati feni ya dari hula 70 hivi. Umeme wa kimoja hicho ungeendesha feni zaidi ya kumi.

Jirani yangu wa mbaazi hana kiyoyozi, ana mabati tu. Mwaka jana wanawe walimwekea dari ya mbao nyembamba, wakatoboa matundu yenye wavu pande mbili za kenchi ili hewa ipite juu ya dari, na wakapaka mabati rangi nyeupe kwa nje. Nilipoingia saa nane mchana, mwezi wa Machi, nilinyanyua mkono kugusa dari nikitarajia joto nililolizoea chini ya mabati yale, na mbao zilikuwa na uvuguvugu tu. Feni ilikuwa imezimwa.